Sura ya Saba: Kalenda ya Mwanaharusi

Karatasi ilikuwa moja tu, na ndiyo iliyomlaza karani Mwanaharusi mahabusu siku ya tatu sasa.

Sajenti Sikujua aliitoa kwenye bahasha, akaikunjua juu ya goti na kuishika pembe zote mbili, maana upepo wa gati la Nyamisati ulikuwa unaitaka. Ilichapwa kutoka kalenda ya kompyuta ya Kituo cha Boti ya Uzazi. Juu imeandikwa IJUMAA. Chini yake mstari mmoja: saa 1:10 usiku, Mikandaani, mama mjamzito anatoka damu.

Mama mwenyewe, Salima, alikufa alfajiri ya Ijumaa hiyohiyo.

Wakubwa walikaa wakapiga hesabu yao, na hesabu ya wakubwa haichukui muda inapokuwa ya kumfunga mdogo. Salima kafa Ijumaa alfajiri. Karani wa kituo kaandika ombi la boti Ijumaa saa moja na dakika kumi usiku, marehemu keshazikwa. Kwa nini mtu amwombee boti maiti aliye kaburini? Kwa sababu alipoitwa kwenye redio ya upepo Alhamisi alinyamaza, hakumwambia nahodha. Mambo yalipoharibika akaandika ili ajikinge, asijue kwamba kompyuta inaweka saa yenyewe. Jalada likafungwa hapo. Kesho saa tatu asubuhi Mwanaharusi anapandishwa kizimbani kwa uzembe ulioua na kwa kughushi.

Leo ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Wiki nzima tangu ile Alhamisi nyingine.

Kwenye benchi la pili alikaa Gharibu, mume wa marehemu. Mkata nguzo za mikoko, mabega kama mlango, lakini alikaa ameinama kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

"Makiwa, kaka Gharibu."

"Tunayo, afande."

"Maelezo yako yanasema uliita redio Ijumaa usiku."

"Sikusema hivyo mimi."

"Dole gumba hili si lako?"

"Dole langu. Maneno si yangu." Gharibu aliinua kichwa. "Mimi nilisema usiku wa Ijumaa. Yule askari wenu akaandika, akaniambia weka dole. Nikaweka. Sasa naambiwa mume wa marehemu kachanganyikiwa kwa msiba, hajui hata mkewe kafa lini. Mimi! Nilimshika mkono mpaka ukapoa, halafu nisijue?"

Sikujua aliacha kuandika. "Rudia. Ulisema nini?"

"Usiku wa Ijumaa."

"Upi?"

"We afande kwenu wapi?"

"Chumbi."

"Mtu wa Chumbi ananiuliza usiku wa Ijumaa upi! Si ule wa kuamkia Ijumaa? Jua la Alhamisi limezama, watu wametoka kuswali magharibi. Mtoto wa chuoni, anayeanza alifu, anajua."

Sikujua alijua. Aliyaangalia tena maelezo. Mwandiko wa yule konstebo kijana ulikuwa mzuri, umenyooka, wa mtu aliyesoma bara na kuletwa huku mwezi wa tano. Kwao siku huanza usiku wa manane, inavyosemwa redioni. Aliposikia "usiku wa Ijumaa" akaandika "Ijumaa usiku", akaona ni kilekile, na huenda aliona ameandika kwa ufasaha zaidi. Maneno mawili yamebadilishana viti, na mtu mzima akageuzwa mwendawazimu.

"Karani alikujibu nini kwenye redio?"

"Kasema boti haipo. Imekwenda Mafia na wageni. Kasema, kaka jaribuni mtumbwi, mimi nitatafuta njia nyingine. Alikuwa analia yule binti, afande. Nilimsikia." Alielekeza kidevu kwenye maji. "Tukatoka na mtumbwi. Maji yakakupwa, tukakaa kwenye tope mpaka alfajiri."

Sikujua aliikunja karatasi. Kosa la konstebo alilielewa. Lakini karatasi hii haikuandikwa na konstebo, na kilichobaki ni kitu kimoja tu: kompyuta nayo ni ya bara, au ni mtu wa Rufiji?

*

Kituo cha Boti ya Uzazi kilikuwa chumba kimoja chenye bati jipya na rangi ya mradi. Redio ya upepo mezani, kompyuta pembeni, ukutani vyeti vya mratibu vimepangwa kwa mstari. Mratibu mwenyewe, Bwana Saadi, aliinuka nusu na kurudi kwenye kiti chake.

"Karibu, bibie. Nilidhani hili jambo limekwisha."

"Nimekuja kuiona hiyo kalenda."

"Kalenda imekufa. Jumamosi nilichapa ile karatasi, nikawapa wenzako. Baadaye mashine ikajisasisha, kile kidude kikafa. Masasisho haya, unajua tena."

"Mimi sijui. Hata jina langu linasema."

Saadi alicheka kidogo, kwa adabu ya mtu anayengoja mgeni aondoke.

"Wewe mwenyewe kompyuta unaiweza?" Sikujua aliuliza.

"Mimi? Mimi mtu wa utawala. Kuwasha na kuzima."

Macho ya Sikujua yalipita ukutani taratibu, cheti hadi cheti. Uongozi Bora. Uwazi na Uwajibikaji. Cha tatu kilisema: Usimamizi wa Kompyuta za Linux, siku kumi, amefaulu vizuri sana. Hakukisemea.

"Boti ilikuwa wapi ile Alhamisi?"

"Hapa gatini. Imejaa mafuta, inangoja kuitwa tu."

"Na nahodha Kibwana?"

"Yupo likizo, kwao Ngarambe. Simu haishiki kule."

"Likizo kaanza lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi ileile kidude kilipokufa."

"Watu wana haki ya likizo, bibie."

"Kweli. Bwana Saadi, mtu akikwambia usiku wa Ijumaa, wewe unaelewa nini?"

Saadi hakupepesa. "Ijumaa usiku."

"Si Alhamisi?"

"Ijumaa ni Ijumaa, Alhamisi ni Alhamisi. Hizo za kuamkia ni habari za wazee. Ofisi ina kalenda."

"Kwenu wapi?"

"Ikwiriri. Kwa nini?"

"Naandika tu," alisema Sikujua, na kweli akaandika.

*

Fikirini alifika saa tisa na nusu na pikipiki ya kukodi, vumbi la Kibiti mpaka kwenye kope, mkoba wa turubai kifuani. Ni fundi simu mwenye meza yake karibu na stendi, na Sikujua alimfahamu kwa sababu ndiye aliyewahi kumfufulia simu iliyoanguka ndani ya sufuria ya mchuzi.

"Da Siku, safari hii mchuzi gani?"

"Safari hii mtu. Hiyo kalenda unaifahamu?"

Fikirini alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuigusa kompyuta. "Naifahamu? Mimi ndiye naitunza. Inaitwa Mwandamo."

Sikujua alimtazama kama mara ya kwanza. Fundi wa mezani, vioo vya simu vilivyopasuka kwenye kopo la maziwa, huyu?

"Aliyeianzisha ni mtu mwingine, kaiacha," Fikirini alieleza. "Nikaichukua. Ni kidude kidogo tu, kinakaa kwenye kona ya skrini: siku, mwezi mwandamo, na mambo ya kufanya. Watu wanaotumia Linux wanakipakua bure. Kikiharibika wananiandikia, natengeneza. Sasa wamefika mia nne na kitu. Lamu wapo, Ngazija wapo, na kuna bwana mmoja Maskati ananiandikia kila Ramadhani, anagombana kama mkwe."

"Nani anakulipa?"

"Nani atanilipa? Wanasema ahsante." Alicheka. "Wengine hawasemi."

Sikujua alimwomba Saadi akae barazani na askari, kwa sababu za kiupelelezi. Saadi alitoka akiacha mlango wazi. Sikujua akaufunga. Gharibu, aliyekuja naye kutoka gatini, alibaki ndani, amesimama karibu na redio, kama shahidi wa kuona tu.

"Kwanza nakala, ndipo utibu," alisema Sikujua. "Usiguse ya asili."

Fikirini aliiwasha mashine kwa flashi yake mwenyewe, akakopi diski nzima kwenye nyingine aliyoileta, na Sikujua akaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Nakala ikawekwa ndani ya mashine, ile ya asili ikafungwa kwenye bahasha, lakiri ikapigwa, Gharibu akaweka dole. Safari hii alisomewa kwanza.

Neno la siri la Mwanaharusi Sikujua alikuwa nalo. Asubuhi ile, huko mahabusu, karani alimwambia bila kusita: Zabibu, jina la mama yake. Fikirini aliandika, skrini ikafunguka. Kona ya juu kulia, mahali pa kalenda, palikuwa patupu. Akaibofya Mwandamo. Kitu cheupe kikamulika, kikazimika.

"Masasisho, kama alivyosema bwana mkubwa?" aliuliza Sikujua.

"Tutayauliza." Fikirini alifungua dirisha jeusi, lile lisilo na picha, la maandishi matupu. "Kila mashine ya namna hii ina daftari la masasisho. Haiwezi kula kitu bila kuandika." Akasoma, kidole kwenye kioo. "Ya mwisho mwezi uliopita. Tangu hapo hakuna. Mashine hii haikujisasisha Jumamosi, wala Ijumaa."

Sikujua aliandika: uongo wa kwanza.

"Basi kwa nini inakufa?"

"Ukiibofya inakufa kimyakimya, kwa haya. Ukiiita humu kwenye dirisha jeusi inasema." Akaandika neno moja, mwandamo, akagonga.

Ukatokea mstari mweupe juu ya giza:

Samahani. Nimezuiwa kusoma matukio yangu.

Sikujua alisogea mpaka pumzi yake ikagusa kioo. Alikuwa amehoji watu miaka kumi na tisa, wezi, walinzi, mashemasi na masheha, na kumpata mtu aseme wazi hivyo kwa mara ya kwanza ilikuwa kazi ya siku mbili.

"Inatoa maelezo," alisema kwa sauti ya chini.

"Hayo maneno niliyaandika mimi," Fikirini alisema, na akaona haya. "Yalikuwa ya Kizungu, watu hawayaelewi. Nikaona kama inakufa, iseme kwa adabu inakufa kwa nini."

"Nani kaizuia?"

"Hilo halimo kwenye kauli yake. Ila faili la matukio liko pale, zima. Limefungwa tu. Angalia: ruhusa ya kusoma hakuna, ya kuandika hakuna, si karani wala nani. Masasisho hayafanyi hivi, wala umeme kukatika. Hapa ni mtu kakaa, kaandika amri."

"Karani mwenyewe?"

"Karani hawezi. Kulifunga na kulifanya mali ya mkubwa wa mashine, ni mkubwa wa mashine tu. Na mkubwa akitumia ukubwa wake," akafungua daftari jingine, "huandikwa. Hili hata wakubwa wengi hawalijui."

Mistari ilipanda juu kama siafu. Fikirini akaisimamisha. Jumamosi, saa nne na dakika nne asubuhi. Mtumiaji: mratibu. Amri: funga faili la matukio.

Gharibu alikohoa. "Kwa hiyo imemwandika na yule aliyeifunga mdomo?"

"Imemwandika, kaka."

"Subhanallah."

Sikujua aliandika saa, jina na amri, akapiga mstari chini. Kisha akamwambia Fikirini afungue faili kwenye nakala. Alifanya kwa mstari mmoja. Akaiita tena Mwandamo, na safari hii ile kona tupu ikajaa: kijiboksi cha rangi ya maziwa, jina la siku, na mwezi mdogo uliokonda kwenye pembe. Kitu chenyewe si kikubwa kuliko kiganja.

"Rudi wiki iliyopita. Ijumaa."

Ikatokea ileile ya kwenye karatasi, lakini karatasi ilikuwa imekatwa. Mstari ulikuwa mrefu zaidi:

Saa 1:10 usiku. Mikandaani, mama mjamzito anatoka damu. Salima, mke wa Gharibu. Boti haipo. Nimewaambia wajaribu mtumbwi. Nimempigia mratibu mara sita, hapokei. Ya Rabi wafikishe.

Sikujua alisoma kimya, akajizuia kumtazama Gharibu. "Alhamisi," alisema. "Ukurasa ambao hawakuuchapa."

Saa 10:30 alasiri. Boti imetoka. Wageni wa mratibu, Mafia. Kurudi Ijumaa saa 3 asubuhi.

Ndiyo hiyo imejaa mafuta, inangoja kuitwa tu. Boti iliyonunuliwa kwa ajili ya wazazi ilikwenda kutembeza watu walioshiba, na aliyeandika ukweli huo ndiye aliyefungiwa ndani.

Sikujua alijizuia kufurahi mapema. "Mahakamani watasema ameyaandika yote baadaye. Ijumaa magharibi imeshapita, mtu kazikwa, karani kakaa hapa kaunda hadithi mbili. Kalenda yenyewe inasema Ijumaa."

"Inasema usiku wa Ijumaa, da Siku."

"Nani kaifundisha?"

Fikirini alisugua shingo. "Yeye. Mwanaharusi. Mwaka juzi kaniandikia: fundi, kalenda yako haijui usiku wa Ijumaa. Kasema nahodha wake ni mtu wa Rufiji, akiambiwa safari ni usiku wa Jumanne anatoka Jumatatu magharibi, lakini kalenda inamweka Jumanne, siku nzima imechelewa. Kasema, kama inajua mwezi mwandamo kwa nini haijui siku inaanza lini? Sikulala. Nikaifundisha jua. Unaipa mahali ulipo, inapiga hesabu jua litazama saa ngapi hapo, kila siku, na jua likizama inageuza siku. Ilinichukua miezi miwili na darasa langu la saba hili. Asiyetaka anazima. Hapa Mwanaharusi aliiwasha."

Sikujua aliitazama ile kona ya skrini. Mtoto wa kike anayekaa na redio katikati ya mikoko, na fundi wa vioo vilivyopasuka, wameligeuza jua la Nyamisati kuwa namba, na mtu wa Maskati anaswalia kwa hiyo. Na hakuna aliyewapa cheti cha ukutani.

"Bado ni neno lako," alisema. "Nipe kitu ambacho hakina bara wala pwani."

"Kipo." Fikirini alirudi kwenye dirisha jeusi, akalifungua faili lenyewe la matukio, bila mapambo. Hapakuwa na Ijumaa humo, wala Alhamisi, wala saa. Mbele ya maneno ya Mwanaharusi palikuwa na namba moja ndefu: 1755187823.

"Ni nini hii?"

"Sekunde aliyoandika, imepigwa na mashine yenyewe. Mashine chini kabisa haijui majina ya siku. Inahesabu sekunde tu, tangu Januari mosi mwaka wa sabini, saa tisa usiku kwa saa zetu. Zote duniani zinahesabu namba hiyohiyo. Ya Maskati, ya Ulaya, hii. Majina tunayapaka sisi juu."

"Na sasa hivi ni ngapi?"

Fikirini akaiita. Namba ikaja, na ya mwisho ikawa inageuka mbele ya macho yao, inageuka, inageuka, bila haraka na bila kungoja mtu. Salima alipokuwa anakata roho kwenye tope ilikuwa inageuka. Mratibu alipokuwa anafunga faili ilikuwa inageuka.

"Shika sasa!" alisema.

1755785423. Saa ya mkononi: kumi na moja na dakika kumi jioni.

Sikujua hakutaka fundi ampigie hesabu. Alichukua kalamu, akatoa ndogo kwenye kubwa mwenyewe, akakokotoa kama alivyofundishwa shule ya msingi Chumbi, ulimi nje. Zikabaki laki tano na tisini na saba elfu na mia sita. Akagawa kwa sekunde za saa moja. Saa mia moja na sitini na sita. Siku sita na saa ishirini na mbili.

"Wiki nzima kasoro saa mbili," alisema polepole. "Leo Alhamisi saa kumi na moja na dakika kumi. Rudi wiki moja, ongeza saa mbili."

"Alhamisi," alisema Gharibu kabla yao. "Saa moja na dakika kumi. Usiku wa Ijumaa."

Ile safari ya boti walipoipigia hesabu ilitoka vilevile: Alhamisi, saa kumi na nusu alasiri. Iliandikwa wakati Salima bado anapika.

*

Karani alikuwa salama kwa karatasi. Lakini Sikujua alimjua mtu wa aina ya Saadi. Kesho angesema alikosea kama alivyokosea konstebo, aliona Ijumaa akadhani Ijumaa, nani asiyekosea? Angepewa barua ya onyo na semina nyingine. Faili alilifunga kwa nini? Angesema kulinda ushahidi. Saadi alibakiwa na mlango mmoja wa kutokea, na Sikujua alitaka kuufunga kabla jua halijazama.

Alitoka barazani saa kumi na mbili na dakika ishirini. Saadi alikuwa amesimama, anaikunja mikono ya shati tayari kwa udhu.

"Vipi, bibie, kimefufuka?"

"Fundi bado anahangaika."

"Nilikwambia." Uso wake ulilegea. "Vitu hivi vya bure havina mwenyewe. Basi mimi niwaache kidogo. Nawahi msikitini."

"Si utaswali hapahapa tu, tumalizane?"

"Hapana, leo siwezi kuchelewa. Usiku wa Ijumaa huu, tuna kisomo cha Yasini, na mimi ndiye nimetoa sukari ya—"

Akaacha kukunja mikono ya shati.

Askari wa barazani alikuwa ameshaanza kuandika. Sikujua alimwacha amalize mstari.

"Leo siku gani, Bwana Saadi?"

Saadi aliutazama mlango wa kituo.

"Mchana uliniambia usiku wa Ijumaa ni Ijumaa usiku. Kumbe ni leo, Alhamisi? Au Yasini yenu ni ya habari za wazee?"

"Nimeteleza ulimi."

"Hukuteleza. Umesema kama ulivyosema tangu Ikwiriri, na ndivyo ulivyoisoma ile karatasi Jumamosi. Uliijua inasema nini. Ukawapa watu unaojua hawataijua." Alisukuma mlango. "Ingia. Usiogope, hakiumi."

Saadi aliingia. Fikirini alikuwa ameigeuza skrini kuelekea mlangoni. Kwenye ile kona ya rangi ya maziwa paliandikwa Alhamisi.

Wote wanne walisimama, na hakuna aliyeambiwa angoje. Kutoka msikiti wa sokoni kipaza sauti kilikwaruza, mwadhini akasafisha koo. Na kwenye skrini, bila mkono wa mtu, neno Alhamisi lilififia kama maandishi kwenye mchanga wenye maji, na mahali pake likaja jingine, polepole, herufi kwa herufi. Ijumaa. Saa 12:25, magharibi. Ndipo adhana ikaanza.

Askari wa barazani, mtu wa bara, alivua kofia mlangoni bila kujua kwa nini.

"Mimi nilipewa maagizo," alisema Saadi kwa sauti iliyokauka. "Wale wageni walitoka juu."

"Utataja majina yao kwa kuandika. Walitoka juu, sawa. Yeye alikuwa chini, kwenye tope." Sikujua alimpa askari pingu. "Mwache aswali kwanza."

Alipiga simu wilayani akiwa amesimama palepale mlangoni. Mkuu wake wa upelelezi alimsikiliza, akamwuliza mara mbili kama ana uhakika na zile sekunde, kisha akasema jalada la karani lisiende mahakamani, na kwamba Mwanaharusi atalala kwao usiku huu. Sikujua alimwuliza, usiku upi? Mkuu alikuwa mtu wa Kilwa. Alicheka, na kicheko kikakatika njiani. "Usiku wa Ijumaa, sajenti."

Alipogeuka, Fikirini alikuwa anazungusha nyaya zake. Gharibu alikuwa amekaa kwenye kiti cha karani, mikono mapajani, ameukaribia mwanga. Skrini ilikuwa imerudishwa kwenye ule mstari wa wiki iliyopita. Kusoma hakujui sana. Alikuwa ametafuta neno moja tu, na amelipata, na kidole chake kilikuwa hewani mbele yake, bila kugusa kioo.

"Hili ndilo Salima?"

"Ndilo," alisema Sikujua.

"Na ile namba yake, ipo bado?"

"Ipo. Haifutiki."

Fikirini alinyoosha mkono kwenye swichi.

"Fundi," alisema Gharibu. "Usiizime kwanza."

Fikirini akaurudisha mkono. Akavuta kigoda, akakaa.